Watani wa Mto Mmoja

Usiku wa Jumatano, Februari 16, 2011, katika mwezi wa Mfungo Sita, mbalamwezi ikiwa imekaribia kutimia na mgao wa umeme ukiwa umeuzima mtaa mzima, nilikuwa nimeketi barazani kwangu Temeke, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka Uwanja wa Uhuru, nikisahihisha madaftari ya wanafunzi wangu kwa mwanga wa kandili, ndipo mbingu ya upande wa Pugu ilipogeuka nyekundu ghafla, ikafuata ngurumo, kisha nyingine, na vikombe vya kahawa vilivyokuwa juu ya sinia vikaanza kugongana vyenyewe. Wazee waliokuwa wakizungumza wakanyamaza. Hapana aliyeuliza kuna nini, maana sisi watu wa Temeke tulikuwa tumekwisha kuifahamu sauti ile tangu Aprili 29, 2009, siku ambayo maghala ya silaha katika kambi ya jeshi ya Mbagala yalilipuka mchana kweupe, watu zaidi ya 20 wakafariki, na nyumba kwa maelfu zikapasuka kuta na kupoteza mapaa. Mara hii msiba ulikuwa umeiangukia Gongo la Mboto.

Kufika saa nne watu walikuwa wakimiminika kwa barabara ya Nyerere kuelekea Tazara, wengi wao kwa miguu, wengine bila viatu, akina mama wenye watoto wawili mgongoni na mmoja kati ya hao si wa kumzaa, na mzee mmoja ambaye sura yake sijaisahau, aliyekuwa amekikumbatia kichwa cha cherehani kifuani kana kwamba ni mtoto mchanga. Serikali ikaufungua Uwanja wa Uhuru, uwanja uleule ambao bendera ya Tanganyika ilipandishwa juu yake Desemba 1961, na maelfu ya waja wa Mwenyezi Mungu wakalala juu ya majani na juu ya ngazi za majukwaa, kwa kanga na kwa magazeti, wakisikiliza mabomu yaliyoendelea kulia kwa mbali.

Hapa yanipasa nirudi nyuma kidogo, kwa kuwa nitakayoyasimulia hayataeleweka bila ya kujua mtaa wetu ulivyokuwa. Baraza zilikuwa mbili, zimetazamana, na katikati yao mfereji wa maji ya mvua ambao mtoto wa miaka saba angeweza kuuruka. Ya kwetu ilikuwa ya watu wa klabu ya mpira ya Simba, imepakwa rangi nyekundu na nyeupe. Ya ng'ambo ilikuwa ya watu wa Yanga, kijani na njano, yenye mlingoti mrefu kuliko wetu kwa dhiraa mbili, jambo ambalo lilitukera kwa miaka mingi. Mkubwa wa baraza ile alikuwa seremala, mtu wa makamo aliyenizidi umri, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Oktoba 2010, Yanga walipotufunga 1-0 kule Mwanza, Fundi alitengeneza jeneza la mbao, akalipaka rangi nyekundu ubavuni, na vijana wake wakalizungusha mtaani kwa vilio vya kuigiza, hatimaye wakalitua mbele ya mlango wangu. Utani huo ni wa kawaida, na sisi tuliwahi kuwafanyia mfano wake. Bali siku zile arobaini ya marehemu kaka yangu ilikuwa haijatimia, na nilipolitazama jeneza lile mlangoni pangu niliingia ndani nikafunga komeo. Tangu usiku ule mimi na Fundi hatukupeana salamu. Tulipishana njiani kwa miezi minne, watu wazima wenye mvi, kila mmoja akitazama upande wake.

Alfajiri ya Alhamisi, kabla ya adhana, nilisikia hodi ya Fundi.

"Mwalimu, sufuria la maulidi liko kwenu?"

Nikamjibu kwamba lipo. Tulikuwa tumelitumia wiki ileile, nalo ni sufuria la kupikia pishi nyingi, mali ya baraza yetu, lililonunuliwa kwa michango ya wanachama ili tupate kusaidiana katika harusi na matanga.

"Kuni ninazo mimi," akasema. "Watoto pale uwanjani hawajala."

Hakuongeza neno, wala mimi sikuongeza. Vijana wangu wakalitoa sufuria, wakaliteleka juu ya mafiga matatu kando ya mfereji, na wanawake wa pande zote mbili, ambao katika uhasama wa waume zao hawakuwa wameacha hata siku moja kuazimana chumvi, wakaanza kupima unga na sukari bila kuulizana unga huu ni wa Simba au wa Yanga. Fundi akavuka mfereji kurudi kwake, akarejea na mzigo wa mbao begani na shoka mkononi. Nilizitambua mbao zile kabla hajazitua. Jeneza walikuwa wamelihifadhi nyuma ya baraza yao wakiingoja mechi ya marudiano, iliyokuwa imekaribia. Naye sasa alilipasua vipande mbele yangu, pigo kwa pigo, akavisukuma vipande chini ya sufuria kimoja baada ya kimoja, na ile rangi nyekundu ikatutumka kwa moto ikatoa harufu kali iliyotutoa sote machozi. Nimesomeshwa maneno mengi ya kuomba radhi katika maisha yangu, na nimewasomesha wengine. Sikupata kuona radhi iliyoombwa namna ile.

Tulikifikisha kile chakula uwanjani kwa mkokoteni, uji ukiwa bado unatokota. Watu wa Msalaba Mwekundu walikuwepo, wakijitahidi kadiri ya uwezo wao kuwaorodhesha watoto waliopotezana na wazee wao, na kwa vile mimi ni mwalimu nilipewa daftari na upande mmoja wa jukwaa, niandike jina la mtoto, la baba, la mama, na la mtaa. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtoto mdogo hajui jina la mama yake. Mama ni Mama. Ukimwuliza mtaa wake atakwambia, kwetu kuna mwembe. Ukimwuliza jirani yake ni nani, atakutajia jina la mbwa.

Alikuwepo mtoto mmoja wa kiume, umri wake takriban miaka minne, ambaye kila swali nililomwuliza alilijibu kwa neno moja. Baba yako anaitwa nani? Yanga. Mnakaa wapi? Yanga. Nyumba yenu ina nini? Bendera. Ya rangi gani? Akanionyesha kwa kidole sketi ya kijani ya mwanamke aliyekuwa akipita. Niliandika "Yanga" katika safu ya baba na ya mtaa, nikamwita Fundi, naye akampandisha mtoto begani akazunguka naye majukwaa yote, akiita kwa sauti aliyozoea kuitumia siku za mechi: Mwana wa Yanga huyu, mwenye mwanawe ni nani? Alizunguka hadi sauti ikamkauka. Hakutokea mtu.

Aliyeutatua mkasa ule alikuwa kijana wa baraza yetu, dereva wa daladala za Gongo la Mboto, shabiki wa Simba wa kupindukia, ambaye miaka yote alikuwa akisimamisha gari kwenye kila kijiwe cha Yanga cha njia ile, kuanzia Vingunguti hadi Pugu Kajiungeni, kwa ajili tu ya kuwatania waliokaa pale. Hapakuwa na bendera ya kijani Ukonga, Kitunda wala Majohe ambayo hakuijua mahali pake, nani aliipandisha, na lini ilichanika. Alhamisi ile, barabara ilipofunguka, aliondoka peke yake, akaenda kijiwe hadi kijiwe, akiwauliza wale wale aliowakebehi kwa miaka, na siku ya pili yake, baada ya sala ya Ijumaa, alirudi na mwanamke amefunga jeraha la mguu kwa kitambaa. Mtoto alimwona mama yake kabla sisi hatujamwona. Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile: kwamba katika jiji la mamilioni ya watu, ambamo jirani wa nyumba ya tatu huenda usimjue, yule kijana aliijua ramani yote ya watu wa Yanga kwa sababu ya kuwatania, na ile ramani ndiyo iliyomrejesha mtoto kwao.

Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa Mzaramo wa Kisarawe, alipenda kutusimulia habari za utani wa kale, ule wa makabila, ambao uliwafungamanisha Wazaramo na Wanyamwezi tangu zama za misafara ya pembe, wapagazi waliposhuka kutoka bara hadi pwani. Sisi watoto tulichekeshwa na masimulizi ya watani kutukanana bila mtu kukasirika, lakini bibi kila mara aliyarejeza maneno yake kwenye msiba. Mtani, alituambia, ndiye anayechimba kaburi wakati wenye maiti wameishiwa nguvu. Ndiye anayekwenda kuchota maji na kuchanja kuni. Ndiye anayeruhusiwa kufanya mzaha mbele ya maiti, akaketi mlangoni akakataa jeneza lisitoke mpaka alipwe chochote, ili wafiwa, katikati ya simanzi yao, walazimike kucheka mara moja na kupumua. Kicheko chake kilikuwa ni ujira wa kazi yake, na mtu asiyechimba kaburi hakuwa na ruhusa ya kucheka.

Nadhani hatukuwa tukiliwaza neno hili la utani tulipolichukua kutoka vijijini tukalileta mpirani, tukazisema Simba na Yanga kuwa ni watani wa jadi. Magazeti yalilitumia, redio ikalitumia, nasi tukalipokea nusu yake, ile ya matusi. Na leo, kila mmoja akiwa na simu mkononi, naona ile nusu imenenepa kupita kiasi: kijana wa Mbezi anamtukania mama kijana wa Tandika ambaye hajapata kumwona, na kesho yake hata akifiwa hatajua. Sipendi hali hiyo, wala sioni haya kusema. Utani wa mtu asiyejua mlango wako ulipo hauna jina hilo katika lugha ya bibi yangu.

Ilhali hizi klabu mbili zina udugu wa karibu kuliko mashabiki wengi wanavyodhani. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya watu wake walijitenga wakaunda klabu yao, ambayo baada ya kubadili majina ikajulikana kwa miaka mingi kama Sunderland, hadi mwaka 1971 ilipoitwa Simba. Ni watoto wa tumbo moja. Tena ni watoto wa mto mmoja, na hili ndilo linalonigusa zaidi. Sisi tunaitwa Wekundu wa Msimbazi, kwa kuwa jengo letu lipo mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Wao wanaitwa Watoto wa Jangwani, kwa kuwa jengo lao lipo Jangwani, chini bondeni. Na bonde la Jangwani ni bonde la mto Msimbazi. Mto huo chanzo chake ni vilima vya Pugu, hupita kandokando ya Gongo la Mboto, ukashuka Vingunguti na Tabata, ukaingia Jangwani, na kuishia baharini penye daraja la Selander. Wale waliotufikia usiku wa Februari 16 walikuwa wameifuata njia ya maji yale yale.

Sisemi kwamba jambo la namna hii limetokea kwetu tu. Mjini Liverpool, Uingereza, Aprili 1989, baada ya mashabiki wa Liverpool kwa makumi kufa kwa kubanwa katika uwanja wa Hillsborough, watu wa Everton na wa Liverpool walizifunga skafu zao pamoja, nyekundu na buluu, zikawa mnyororo mmoja kutoka uwanja wa hawa hadi uwanja wa wale. Na mjini New York, Septemba 21, 2001, siku kumi baada ya lile shambulio kubwa, mchezo wa besiboli uliporudi katika jiji hilo kwa mara ya kwanza, wachezaji wa Mets walivaa kofia za wazima moto na za polisi, wakakumbatiana na wapinzani wao waliotoka Atlanta kabla ya kuanza kushindana nao. Habari hizo nilizisoma kwa huruma kubwa. Ila Atlanta ni mbali na New York, na yule mgeni baada ya mechi hupanda ndege akaenda zake. Sisi mpinzani wetu hulala ng'ambo ya mfereji, na asubuhi tunaazima shoka lake.

Wakati ule Simba walikuwa wakielekea kukutana na TP Mazembe ya Lubumbashi, ambao Desemba 2010 walikuwa wamefika fainali ya klabu bingwa ya dunia, na kabla ya mabomu hapakuwa na maongezi mengine barazani. Baada ya uwanja kuondokewa na wageni wake, mazungumzo yalirudi polepole, kwa aibu, kama mtu anayerudi kazini baada ya kuondoa tanga. Machi 5 tulicheza na Yanga, tukatoka sare ya 1-1. Sote tulikwenda, baraza zote mbili, kwa daladala moja ya yule kijana wetu, tukaingia kwa milango tofauti kama desturi inavyotaka. Hapakuwa na jeneza. Hapana aliyekataza, mbao zilikuwa hazipo, na Fundi hakupasua nyingine. Julai mwaka huohuo Yanga walitufunga 1-0 katika fainali ya Kombe la Kagame, na watu wa ng'ambo waliimba hadi alfajiri chini ya dirisha langu. Nililala nikiwasikiliza, na usingizi wangu ulikuwa mwema.

Mwisho wa mwaka ule mvua za Desemba zikaleta gharika ambayo wakongwe wa jiji hawakuwahi kuiona mfano wake tangu miaka ya hamsini; watu takriban 40 wakapoteza maisha, na bonde lote la Msimbazi, kuanzia Kigogo hadi Jangwani, likawa ziwa la matope. Miaka yote tulikuwa tukiwatania watu wa Yanga kwa sababu ya jengo lao kuingiliwa na maji, tukiwauliza kama wachezaji wao hufanya mazoezi kwa mitumbwi, na hata leo wanaitwa vyura. Wiki ile neno hilo halikusikika katika baraza yetu. Dada yangu alikuwa akikaa Hananasif, Kinondoni, chumba chake kikajaa maji hadi kwenye taa. Fundi ndiye aliyekodi kirikuu kwa fedha yake, akaja nasi, akakiinua kitanda cha dada yangu begani kutoka majini, akiwa na fulana yake ya kijani iliyotapakaa matope hata rangi isijulikane. Baadaye wengi wa waathirika walipelekwa Mabwepande, mbali kaskazini mwa wilaya ya Kinondoni, wapewe viwanja huko. Dada yangu alikuja kuishi nami.

Fundi alifariki miaka michache baadaye, kwa maradhi ya kifua, katika msimu wa kiangazi. Nilikuwa sijawahi kumwuliza kabila lake katika ujirani wa miaka zaidi ya ishirini, na matangani ndipo nilipowasikia jamaa zake waliotoka Tabora wakizungumza Kinyamwezi. Basi tulikuwa watani mara mbili, naye labda alijua.

Vijana wetu walikuwa wamechimba kaburi tangu alfajiri. Wanawake wetu walikuwa jikoni, na lile sufuria lilikuwa juu ya mafiga. Walipoliinua jeneza kulitoa ndani nilikwenda nikaketi kizingitini, nikaegemeza mgongo kwenye nguzo ya mlango, nikanyoosha miguu, nikasema kwa sauti ya kusikiwa na wote kwamba Mnyamwezi huyu hatoki, ana deni langu.

Mwanawe mkubwa, macho yakiwa mekundu, akaniuliza, "Deni gani, baba?"

"Jeneza langu. Alilipasua kuni bila kuniuliza."

Kukawa kimya. Kisha mmoja wa wazee wa ng'ambo, aliyekuwepo asubuhi ile ya Februari, akaanza kucheka, na machozi yakimtoka, na kicheko kikaenda kwa jirani yake, na kwa mwingine, hata mjane akakisikia chumbani akauliza ni nani huyo. Wakamwambia ni Mwalimu wa Simba. Nikamsikia naye akicheka. Yule kijana akaingia ndani, akarudi na kofia ya babake, ya kijani, iliyochakaa ukingoni, akaniwekea mapajani. Nikainuka, nikaivaa, nikatia bega langu chini ya jeneza, upande wa mbele, tukatoka.